Kupima Hali ya Mmea Adimu wa Porini: Mwongozo kwa Mtathmini wa Misitu ya Miono na Pwani Yake

Tathmini ya hali ya uhifadhi wa mmea ni kazi ya kuamua, kwa ushahidi unaoweza kukaguliwa na mtu mwingine, kama spishi fulani inakabiliwa na hatari ya kutoweka na hatari hiyo ni kubwa kiasi gani. Duniani kote kazi hii hufuata vigezo vya Orodha Nyekundu ya IUCN, yaani Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi wa Mazingira Asilia, na vigezo vinavyotumika mpaka sasa ni vya toleo la 3.1, vilivyochapishwa mwaka 2001. Mwongozo huu unaeleza namna vigezo hivyo vinavyotumika katika nchi iliyo kati ya mto Wami na mpaka wa mkoa wa Tanga, hususan kata ya Miono na msitu wa Zaraninge, na msimamo wake ni kwamba mtathmini hana haki ya kuuita mmea adimu kabla hajatenganisha uchache wa mmea wenyewe na uchache wa watu waliowahi kuutafuta.

Msimamo huo una sababu iliyo karibu. Erythrina schliebenii, mti wa jamii ya mibamba unaochanua maua mekundu, ulikusanywa katika miaka ya 1930 karibu na ziwa Lutamba mkoani Lindi, na baada ya sehemu hiyo kufyekwa, Orodha Nyekundu ya mwaka 1998 iliutaja kuwa umekwisha kutoweka. Baadaye ulionekana tena katika misitu ya Kilwa, na wataalamu wa mimea wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliofika huko walikadiria kuwa miti iliyopevuka haizidi 50. Mti uliokuwa umeandikiwa cheti cha kifo ulikuwa hai muda wote, ila hakuna aliyekuwa amefika ulipo. Kosa la namna hiyo lina madhara, kwa kuwa spishi iliyotangazwa kutoweka haitengewi fedha wala ulinzi, na msitu wake unaweza kugawiwa kwa matumizi mengine bila mtu yeyote kuuliza kilichomo.

Zaraninge, ambao katika maandishi mengi huitwa pia Kiono, ni msitu wa nyanda za chini za pwani ulio mashariki ya Miono, nao uliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani ilipoanzishwa mwaka 2005. Ni sehemu ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, ambayo imesalia vipande vipande kuanzia kusini mwa Somalia hadi Msumbiji, na ambamo spishi nyingi huishi katika kipande kimoja au viwili tu bila kupatikana penginepo. Miti ya jenasi za Cynometra na Scorodophloeus ndiyo inayoshika sehemu kubwa ya dari ya misitu mikavu ya aina hii, na pamoja nayo hupatikana mkongo, msandarusi, na muhuhu, ambao kitaalamu ni Brachylaena huillensis. Mimea adimu, hata hivyo, mara nyingi haiko darini. Iko chini, miongoni mwa vichaka, mitambaazi na mibuni pori, mahali ambapo mtu anayehesabu miti ya mbao hana sababu ya kuangalia.

Kazi ya ndani kabla ya safari

Hatua ya kwanza hufanyika katika hebariamu, yaani ghala la vielelezo vya mimea iliyokaushwa, kubandikwa kwenye karatasi na kuandikiwa lebo. Kwa mimea ya Miono, hebariamu za kuanzia ni ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Hebariamu ya Taifa iliyoko Arusha, ya Lushoto na Hebariamu ya Afrika Mashariki iliyoko Nairobi, kisha zile za ng'ambo, hasa Kew nchini Uingereza na ya Paris. Paris inatajwa kwa sababu maalumu: padre Charles Sacleux, ambaye watu wengi wa Kiswahili wanamjua kwa kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1939, alifika Unguja mwaka 1879, akafanya kazi Bagamoyo, na akakusanya mimea ya pwani hii kwa bidii ileile aliyokusanyia maneno. Berlin nako kulikuwa na vielelezo vingi vya enzi ya Wajerumani, lakini sehemu kubwa ya hebariamu hiyo iliteketea kwa mabomu mwezi Machi 1943, kwa hiyo mtathmini anayekuta spishi iliyopewa jina kutokana na kielelezo cha Berlin hana budi kuthibitisha kama kuna nakala iliyosalia katika ghala jingine.

Kitabu cha kutambulia ni Flora of Tropical East Africa, mfululizo ulioanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ukiwa umeeleza spishi zinazopata 12,000 za Kenya, Tanzania na Uganda. Kila kielelezo kilichotajwa humo chini ya jina la spishi kinapaswa kufuatiliwa na kuonekana kwa macho au kwa picha, kwa kuwa utambuzi wa zamani hukosewa, na kielelezo kimoja kilichokosewa kinaweza kuipeleka spishi umbali wa mamia ya kilometa kutoka mahali inapoishi.

Lebo za zamani zinahitaji uangalifu mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mandera ya ukingoni mwa Wami, yenye misheni yake ya siku nyingi, si Mandera ya kaskazini-mashariki ya Kenya, na mmea wa msitu wa pwani ukiwekwa katika ramani ya jangwa la huko utavuruga hesabu zote zitakazofuata. Useguha, Udoe na Ukwere zilikuwa nchi nzima katika ramani za Wajerumani, na mahali pa kijiji kimoja hapawezi kusomwa kutokana na majina hayo. Neno Bagamoyo ndilo linalodanganya zaidi, kwa kuwa mji huo ulikuwa bandari ya misafara, na kielelezo chenye jina hilo huenda kilikatwa mjini hapo au kilikatwa bara na kupita hapo kikielekea melini. Njia salama ni kuipa kila rekodi duara la mashaka, yaani umbali ambao mahali halisi panaweza kuhitilafiana na nukta iliyowekwa kwenye ramani, na kuziacha nje ya hesabu rekodi ambazo duara lake ni kubwa mno, huku sababu ya kuziacha ikiandikwa.

Wakati huohuo vibali vinapaswa kuombwa, maana huchukua muda. Utafiti nchini Tanzania huhitaji kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, na kwa kuwa Zaraninge umo ndani ya hifadhi ya taifa, Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori, TAWIRI, na Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, nao wanahusika. Kwa misitu ya hifadhi iliyo nje ya hifadhi ya taifa mhusika ni Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kwa misitu ya vijiji ni serikali ya kijiji husika.

Msituni na vijijini

Mtathmini anayefika Miono huanza kwa ofisa mtendaji na mwenyekiti wa kijiji akiwa na barua ya utambulisho, na baada ya hapo huomba kuonyeshwa wazee na watu ambao kazi zao huwaingiza msituni: waganga, warina asali, wakata miti ya majengo na wachoma mkaa wa zamani. Watu hawa huujua mti mmoja mmoja kwa mahali ulipo. Mahojiano yasifanyike mbele ya askari wa hifadhi, kwa kuwa mtu aliyewahi kukata mti ndani ya mipaka hatasema ukweli akiwa na hofu ya kukamatwa, na ukweli wake ndio unaohitajika. Ni bora zaidi mzee aombwe aonyeshe mmea badala ya kuueleza, kwa kuwa katika Kizigua, Kikwere na Kidoe jina moja laweza kubeba spishi mbili zinazofanana matumizi, na spishi moja yaweza kuwa na majina tofauti kutoka Mkange hadi Matipwili. Ikiwa mmea uko mahali pa matambiko, ruhusa iombwe kwa wenye mahali hapo, na wakikataa, kukataa kwao kuandikwe kama sababu ya sehemu hiyo kutopekuliwa, pasiwepo na jaribio la kupita njia nyingine.

Kumbukumbu za wazee zinaweza kufika nyuma kuliko picha za setilaiti, ambazo kwa mfululizo wa Landsat zinaanzia mwaka 1972. Ili zitumike kama ushahidi, zinahitaji kufungwa kwenye matukio ambayo tarehe zake zinajulikana. Swali la mmea ulikuwa mwingi kiasi gani zamani halina jibu la kuandikwa, lakini swali la mmea ulikuwa unapatikana umbali gani kutoka nyumbani kabla ya Operesheni Vijiji, wakati wa vita vya Kagera, na baada ya mvua za El Niño za 1997 na 1998, huleta majibu yanayoweza kulinganishwa kati ya mzee mmoja na mwingine.

Upekuzi wa msitu wenyewe unapaswa kupangwa kwa majira. Mmea mdogo unaochipua masika na kufa majani kiangazi hautaonekana mwezi Septemba hata ukikanyagwa, na kichaka kinachotambulika kwa ua peke yake kinaweza kupitwa mara nyingi kikidhaniwa kuwa jamaa yake wa kawaida. Kwa sababu hiyo mtathmini hujifunza kutoka kwenye lebo za hebariamu ni miezi gani vielelezo vyenye maua vilikatwa, kisha hupanga safari katika miezi hiyo, na safari nyingine katika majira tofauti.

Njia inayofaa kwa mmea adimu ni kupita kwenye mistari iliyo sambamba, watu wakiwa karibu kiasi cha kuonana miguuni, na mmea wa kwanza ukionekana mistari inasimama kwa muda ili eneo linalouzunguka lipekuliwe kwa duara, kwa sababu mimea adimu huwa na tabia ya kukaa kwa makundi. Kifaa cha GPS kirekodi njia yote iliyopitwa, kwa kuwa mahali palipopekuliwa bila mmea kuonekana pana thamani sawa na mahali ulipoonekana. Tathmini nyingi huharibika hapa: daftari hurudi na nukta za mmea bila njia wala saa zilizotumika, na msomaji wa baadaye hawezi kujua kama nafasi tupu katika ramani ni msitu usio na mmea au ni msitu usiofikiwa.

Kielelezo hukatwa pale tu ambapo mimea iliyopo inaweza kuhimili, na mmea ukiwa ni mmoja au wachache sana, picha za jani pande zote mbili, za gome, ua na tunda zitatosha pamoja na jani moja lililohifadhiwa kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba. Tawi likikatwa, hutandazwa kati ya magazeti kabla halijanyauka, jani moja likigeuzwa ili upande wake wa chini uonekane, na papo hapo huandikwa yale ambayo kukauka kutayafuta: rangi ya ua, harufu, utomvu na rangi yake, na kimo cha mmea. Wakati wa masika, unyevu wa Miono huotesha ukungu kwenye magazeti kwa haraka, hivyo yabadilishwe kila siku au fungu zima lilowanishwe kwa spiriti ndani ya mfuko wa nailoni mpaka lifikishwe penye kikaushio.

Kuhesabu kunahusu mimea iliyopevuka, ambayo kwa mujibu wa IUCN ni ile inayojulikana au inayokadiriwa kuwa na uwezo wa kuzaa. Maotea, yaani miche iliyojiotea chini ya mama yake, huandikwa katika safu yake kwa kuwa huonyesha kama msitu unajirithisha, lakini hayaingii katika jumla. Kisiki kilichochipua matawi yasiyochanua nacho hakiingii. Mimea iliyopandwa shuleni au katika bustani hairuhusiwi kuongeza hesabu ya porini, hata kama mbegu yake ilitoka Zaraninge. Kwa spishi ambazo jinsi zake ziko katika miti tofauti, kama muhuhu na kama Encephalartos hildebrandtii wa pwani ya Kenya na Tanzania, idadi ya majike na madume inafaa kuandikwa mbalimbali, kwa kuwa jinsi moja ikizidi mno nyingine, idadi inayohesabiwa kuwa imepevuka hupunguzwa. Kipenyo cha usawa wa kifua, yaani mita 1.3 kutoka ardhini, kipimwe kwa kila mti, na visiki navyo vipimwe, maana orodha ya visiki ndiyo historia ya ukataji iliyoandikwa na msitu wenyewe.

Kutoka daftari hadi daraja

Orodha Nyekundu ina madaraja tisa, lakini matatu ndiyo yanayoitwa ya tishio: Hatarini Kabisa, Hatarini, na Inayoelekea Hatarini. Spishi hupimwa kwa vigezo vitano, na hupewa daraja la juu kabisa ambalo kigezo chochote kimoja kimelifikisha. Kigezo A hupima kupungua kwa idadi katika miaka 10 au vizazi vitatu, kwa kufuata kipindi kilicho kirefu zaidi. Kigezo B hupima ufinyu wa eneo. C na D hupima uchache wa mimea iliyopevuka. Na E huhitaji hesabu za uwezekano wa kutoweka ambazo kwa mimea ya pwani ni nadra kupatikana data zake.

Kizazi maana yake ni wastani wa umri wa wazazi wa mimea inayozaliwa sasa. Mti ambao kizazi chake ni miaka 50 hupimwa kwa miaka 150 iliyopita, na kwa Miono kipindi hicho kinaanzia enzi ambayo sandarusi ya pwani hii ilikuwa ikipelekwa Unguja na kuvuka bahari. Hivyo msitu uliofyekwa zamani bado umo katika hesabu ya leo, na mtathmini anayeanzia mwaka 1972 kwa sababu tu picha zinaanzia hapo atakuwa amefuta sehemu kubwa ya hasara.

Kwa mimea mingi ya misitu ya pwani kigezo kinachoamua ni B, nacho kinastahili kufafanuliwa kwa mfano wa kubuni. Ichukuliwe kwamba kichaka fulani kimepatikana mahali pamoja pamoja katika Zaraninge, katika msitu wa Pande mkoani Dar es Salaam, na katika Gendagenda mkoani Tanga. Eneo la mtawanyiko ni umbo dogo kuliko yote lisilo na kona iliyoingia ndani, ambalo linakusanya nukta zote. Katika mfano huu ni pembetatu ambayo eneo lake liko chini ya kilometa za mraba 5,000, na upande wake wa mashariki utakata maji ya bahari mbele ya Saadani. Wengi hushawishika kuiondoa bahari, lakini haiondolewi, kwa kuwa kipimo hiki kinaonyesha jinsi hatari ilivyotawanyika, si ukubwa wa makazi. Eneo linalokaliwa hupimwa kwa kuweka juu ya ramani miraba ya kilometa 2 kwa 2 na kuhesabu ile yenye mmea: miraba mitatu ni kilometa za mraba 12. Kizingiti cha Hatarini Kabisa ni 10, cha Hatarini ni 500, na cha Inayoelekea Hatarini ni 2,000.

Ufinyu peke yake hautoshi. Masharti mawili kati ya matatu lazima yatimie: idadi ndogo ya mahali pa tishio au kugawanyika vibaya kwa makazi, kuendelea kupungua, au kupanda na kushuka kwa idadi kupita kiasi. Mahali pa tishio ni eneo ambalo tukio moja la hatari linaweza kuidhuru mimea yote iliyomo kwa muda mfupi, kwa hiyo idadi yake hutegemea hatari, haitegemei idadi ya nukta. Tishio likiwa moto unaotoka mbugani, upande mzima wa msitu unaopakana na nyasi ni mahali pamoja. Likiwa ukataji wa miti ya majengo, kila njia inayotoka kijiji fulani yaweza kuwa mahali pake. Na mpaka wa hifadhi ukipita katikati ya kundi la mimea, ulinzi uliotofautiana unaweza kulifanya kundi hilo kuwa mahali pawili. Kwa Hatarini mahali pasizidi patano, kwa Hatarini Kabisa pawe pamoja tu.

Kichaka cha mfano wetu, kikiwa na mahali patatu na makazi yanayopungua, kinaingia katika daraja la Hatarini. Ikithibitika kwamba misitu yote mitatu inalindwa na hakuna upungufu, kigezo B hakitumiki tena, na kinaweza kubaki Inayoelekea Hatarini chini ya D ikiwa kuna tishio la kweli linaloweza kukifikisha pabaya kwa ghafla. Na ikiwa hesabu ya msituni imepata mimea iliyopevuka isiyofika 50, ni Hatarini Kabisa chini ya D, hata kama kila mmoja unalindwa. Kushuka kwa makazi kunaposomwa kwenye picha za setilaiti, nukta zikaguliwe kwa miguu, kwa kuwa shamba la mikorosho lililokomaa huonekana toka juu kama msitu, na ukataji wa miti ya majengo chini ya dari hauonekani kabisa.

Daraja la Isiyo na Data za Kutosha lipo kwa hali ambapo ushahidi unaruhusu spishi kuwa salama au kuwa Hatarini Kabisa kwa uzito uleule, na halipaswi kuwa kimbilio la mtathmini asiyetaka kwenda msituni. Kinyume chake, kusema kwamba spishi imetoweka huhitaji upekuzi wa kutosha, katika majira yafaayo, katika makazi yote yanayofaa, kwa muda unaolingana na maisha ya mmea. Visipotimia hivyo, kuna alama ya Huenda Imetoweka ndani ya Hatarini Kabisa, ambayo huacha mlango wazi.

Rasimu hupelekwa kwa mamlaka ya IUCN inayoshughulikia mimea ya Afrika Mashariki ili ikaguliwe na wengine kabla ya kuchapishwa. Kwa spishi zinazoibiwa, hasa za jenasi ya Encephalartos ambazo zote zimo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, nukta halisi zifichwe katika ramani ya wazi na zibaki kwa wahifadhi. Nakala ya Kiswahili, yenye picha ya mmea na jina lake la mahali, ifikishwe kwa serikali za vijiji na kwa ofisi ya hifadhi, na vielelezo vigawanywe ili nakala moja angalau ibaki nchini. Tathmini iliyopita miaka 10 huhesabiwa kuwa imepitwa na wakati, na kwa ajili ya atakayeirudia, kumbukumbu za njia za GPS, saa za upekuzi, vipimo vya visiki na orodha ya sehemu ambazo hazikufikiwa ziwekwe pamoja na vielelezo katika hebariamu, ambako mtu anayefungua jalada la spishi hiyo atazikuta.